UZI: Kabla ya kushea namba ya vifo, uliza walikuwa na umri gani na walikufa na nini

mtu_wa_ripoti (Bukavu)

Bandugu wa Bukavu, Goma, Lubumbashi na ninyi mulio mbali, munisamehe uzi ni murefu lakini naomba musome mpaka chini.

Kazi yangu ni takwimu kwenye zoni moja ya sante (eneo la afya) hapa Bukavu. Kila mwezi santere za sante (vituo vya afya) na hopitali zinatuma ripoti na mimi naziingiza kwenye kompyuta zipande mpaka Kinshasa. Kongo nzima iko na zoni za sante 519, Kivu Kusini peke yake 34, sasa muwaze makaratasi yote hayo. Ndani yake kuna laini ya vifo, na ile laini njo inaniuma roho, juu naona namna inajazwa na kiisha naona namna watu wanaisoma kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu anachukua namba moja, anaandika TUNAISHA, wengine wanashea mpaka usiku, na hakuna hata mmoja anayeuliza maswali mawili ya kwanza: waliokufa walikuwa na umri gani? walikufa na nini?

Bila hayo mawili namba ya vifo haikuambii ufanye nini. Haikuambii ulete chanjo ao utengeneze barabara ao upeleke damu kwenye materinite, kule mama wanazalia.

Nianze na umri. Juzi mtu alileta kwenye grupu yetu kwamba Japani wanakufa wengi kuliko Kongo kwa kila watu elfu. Wengine wakasema uongo, wengine wakashangilia eti sombe na bugali vinatulinda. Namba yenyewe si uongo. Japani mwaka 2022 walikufa watu zaidi ya milioni 1.5 kwenye nchi ya watu kama milioni 125, inatoa karibu 13 kwa kila 1000. Sisi makadirio ya Umoja wa Mataifa yanatuweka karibu na 9 ao 10. Lakini angalia nani anaishi wapi. Japani watu wa miaka 65 na zaidi ni karibu 29 kwa kila 100, na kwetu karibu nusu ya watu hawajafikisha 15. Nchi iliyojaa wazee itakuwa na vifo vingi hata kama kila mtu anatunzwa vizuri, na nchi iliyojaa watoto wa shule inaweza kuonyesha namba ndogo wakati hao watoto wanamalizwa na maralia ambayo dawa yake iko. Njo maana watu wa takwimu hawalinganishi nchi kwa namba ya jumla. Wanagawa watu kwa umri, chini ya mwaka 1, 1 mpaka 4, 5 mpaka 9, hivyo hivyo mpaka juu, wanahesabu vifo ndani ya kila kundi, kiisha wanauliza: kama nchi zote mbili zingekuwa na watu wa umri sawasawa, wangekufa wangapi? Ukifanya hivyo Japani inashuka kati ya nchi zenye vifo vichache kabisa duniani na sisi tunapanda.

Kitu cha pili kinachosomwa vibaya ni ile miaka ya kuishi. Wanasema Mkongomani anaishi karibu miaka 60, basi mzee wa 58 anaanza kuaga watu. Hapana! Ile ni wastani wa kuanzia siku ya kuzaliwa, na vifo vya watoto njo vinaivuta chini. Weka watu 10, wawili wafe na mwaka 1 na wanane wafe na miaka 70, wastani wao ni 56.2 na hakuna hata mmoja aliyekufa na miaka 56. Mtu aliyeshafika 58 ameshapita mahali pabaya, yule wastani wa kuzaliwa si wake tena, ako na hesabu yake ya kuanzia 58 na inampeleka mbali kuliko 60.

Kwa hiyo kwetu habari kubwa iko kwa watoto. Ule uchunguzi mkubwa wa nyumba kwa nyumba wa 2013-2014 (watu wanauita EDS) ulitoa kwamba kwa kila watoto 1000 wanaozaliwa wazima, 104 wanakufa kabla ya kufikisha miaka 5. Mwaka 2007 ilikuwa 148, kwa hiyo kuna watoto wengi wako hai leo ambao zamani wangekufa, hilo tuliseme kwa furaha. Sasa ifungue hiyo 104: 58 wanakufa kabla ya mwaka mmoja, na kati ya hao 28 ndani ya mwezi wa kwanza. Kila kundi liko na kinachoua kivyake. Mwezi wa kwanza ni kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa pumzi wakati wa kuzaa, maambukizi, dawa yake ni mzalishaji anayejua kazi na vifaa vyake viko karibu. Baada ya hapo ni nimonia, kuhara, maralia, surua, na hapo unazungumzia chanjo, maji, chandarua, antibiotiki. Ukitupa yote kwenye mfuko mmoja wa "vifo vya watoto" utanunua vyandarua kwa pesa zote na yule wa siku ya kwanza utamukosa kabisa.

Sababu nayo iko na shida zake na nitaieleza nikipata dakika, naona wengine wameshaanza kuandika.

Motari_Birere (Goma)

Kaka asante sana, lakini mimi niko na swali ya haraka. Mu Goma kila siku tunaona accident ya moto (pikipiki), batu banavunjika, bengine banakufa kiisha ya wiki mbili ku hopitali. Ule mutu banamuandika accident ao banamuandika kile kidonda kilioza? Juu kama banaandika kidonda basi barabara haitaonekanaka mu hesabu.

mtu_wa_ripoti (Bukavu)

Ndugu motari umenigusa mahali penyewe. Jibu: ikijazwa vizuri ataandikwa aksida ya barabara.

Sertifika ya kifo ya kimataifa iko na laini kadhaa upande wa juu. Laini ya kwanza unaandika kile kilichomaliza mtu pale mwisho, chini yake kilicholeta hicho, chini yake tena kilicholeta hicho, mpaka unafika pa kuanzia. Kwa mtu wako: damu kuoza, chini yake kidonda kuambukizwa, chini yake mguu kuvunjika, chini yake kabisa kugongwa na lori akiwa kwenye moto. Kinachoingia kwenye hesabu ya nchi ni hiki cha chini, pale mnyororo ulipoanzia, juu pale njo ungeweza kuukata. Kiisha kuna sehemu ingine pembeni ya vitu vilivyosaidia kifo lakini havikukianzisha, mfano alikuwa na sukari na kidonda hakikupona.

Mtindo huu si wa jana. Jacques Bertillon wa Paris alitengeneza orodha ya sababu za vifo ikakubaliwa Chicago mwaka 1893 kwenye mkutano wa wanatakwimu wa dunia, ikarekebishwa kizazi kwa kizazi na leo inashikwa na OMS (Shirika la Afya Duniani), ya 11 ilianza kutumika Januari 2022. Kila ugonjwa uko na alama yake ili kifo cha Bukavu na cha Brussels viweze kuwekwa kwenye tablo moja.

Sasa shida. Niko na ukurasa wa rejista moja mbele yangu (siweki picha, ni majina ya watu). Safu ya umri inasema: mkubwa, mkubwa, mtoto, 3, mzee, mkubwa. Ile 3 ni siku tatu, miezi mitatu ao miaka mitatu? Ukikosea hapo umehamisha kifo kutoka kwa mzalishaji kwenda kwa chandarua. Safu ya sababu inasema: moyo kusimama, moyo kusimama, homa, anemi (upungufu wa damu), moyo kusimama, alifikishwa amekufa. Jamani, moyo wa kila maiti umesimama! Hiyo inasema amekufa tu, na tulikuwa tunajua tayari. Ile "anemi" ya mtoto nyuma yake mara nyingi kuna maralia, lakini kama infirmie (muuguzi) hakuiandika mimi siwezi kuiweka kutoka kichwani mwangu. Silaumu ma-infirmie, mtu yuko peke yake usiku na wagonjwa kitanda kimoja wawili, saa tisa ya usiku hawezi kukaa kuwaza mnyororo. Ila kila "moyo kusimama" ni kifo kimoja kilichopotea kwenye hesabu ya kitu kilichokileta.

Na kuhusu barabara, OMS inahesabu watu karibu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na kwa watu wa miaka 5 mpaka 29 ajali za barabarani njo muuaji wa kwanza. Kwenye jumla ya umri wote ziko mbali chini ya orodha. Angalia umri peke yake wa vijana, zinapanda juu kabisa. Namba zile zile.

Mama_Himbi (Goma)

Mimi nauliza ile yenye kunichoma. Kila mwaka banasema vita ya Kongo iliua milioni 6, bengine banasema 10, bengine banasema ni uongo haikufika hata moja. Mimi nilizika batu wangu, sipendi mutu aniambie ni uongo. Wewe mwenye kujua takwimu, ukweli ni gani?

mtu_wa_ripoti (Bukavu)

Mama pole sana kwa watu wako. Hili nitaliandika polepole juu ni zito.

Namba iliyozaa zingine zote ni milioni 5.4. Ilitolewa Januari 2008 na IRC, shirika la misaada, baada ya kufanya uchunguzi mara tano kuanzia mwaka 2000. Hawakuhesabu makaburi. Walichagua nyumba kwa bahati nasibu, ule wa tano peke yake nyumba 14,000 kwenye zoni za sante 35, wakauliza nani alikuwa anaishi hapa, nani alikufa, lini, na nini. Wakapata vifo 2.2 kwa kila watu 1000 kwa mwezi, ni 57 kwa 100 juu ya wastani wa Afrika kusini ya Sahara. Kiisha wakasema: kama vita isingekuwa, vifo vingekuwa kiasi fulani, tutoe hicho kiasi, kinachobaki ni vifo vya ziada tangu 1998. Kwa hiyo milioni 5.4 ni watu waliokufa ZAIDI ya wale ambao wangekufa kwenye hali ya kawaida. Si watu waliopigwa risasi.

Na hapa umri na sababu vinasema kitu ambacho namba kubwa inaficha. Kwenye uchunguzi wa mwisho waliokufa kwa silaha walikuwa 0.4 tu kwa kila vifo 100. Wengi wa waliobaki ni homa na maralia, kuhara, nimonia, watoto wachanga, njaa. Watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa 19 kwa kila watu 100 lakini 47 kwa kila vifo 100. Soma tena hiyo. Vita iliua watoto kwa kufunga santere, kwa kukimbiza mama porini na mvua, kwa kukata barabara ya dawa. Mtu anayesema "hawakuuawa, walikufa na maralia" anadhani anapunguza kitu, mimi naona anataja tu njia ambayo vita ilipitia.

Mabishano nayo yako na ni ya kweli. Mwaka 2010 watafiti wa Canada, wale wa Ripoti ya Usalama wa Binadamu, walisema kile kiasi cha "kawaida" kiliwekwa chini sana, juu Kongo hata kabla ya 1998 watu walikuwa wanakufa kuliko wastani wa Afrika, na ukipandisha kawaida, ziada inashuka sana. Unaona ubishi unakaa wapi? Hakuna anayebisha kwamba watu walikufa. Wanabisha juu ya hali ya kabla, na hali ya kabla haijulikani vizuri juu nchi yetu ilihesabu watu wake kisayansi mara moja tu, mwaka 1984, na vifo vya nyumbani haviandikwi. Leta (serikali) iliyokosa rejista inaacha wageni wabishane juu ya maiti zetu. Hii inaniumiza kuliko kitu chochote kwenye kazi yangu.

Kuhusu 6 na 10: hazina uchunguzi mpya chini yake, ni 5.4 imeongezwa kwa macho kadiri miaka inapita. Mama ukiulizwa, sema watafiti walikadiria 5.4 kati ya 1998 na 2007, wengine wanakadiria chini ya hapo, na karibu nusu ya waliokufa walikuwa watoto wadogo. Hiyo hakuna mtu atakunyang'anya.

Mama_Himbi (Goma)

Asante mwanangu. Ile ya batoto sikuwaka naijua. Na ile ya kolera ya 1994 pale ku kambi za bakimbizi ba Rwanda, Mugunga na Kibumba, banajuaje batu ngapi balikufa, na bale hawakuwa hata na nyumba?

mtu_wa_ripoti (Bukavu)

Pale mama ilikuwa kinyume, maiti zilionekana. Zilikuwa zinalazwa pembeni ya barabara na malori yanazikusanya, kwa hiyo watu wa epidemiolojia walihesabu zilizokusanywa, kiisha wakafanya na uchunguzi kwenye blende (vibanda) za wakimbizi ili waone kama namba zinapatana. Walipata karibu 50,000 kwa mwezi wa kwanza, wengi sana kwa kolera na kuhara kwa damu. Kwenye kambi dharura inatangazwa vifo vikipita 1 kwa watu 10,000 kwa siku. Goma ile Julai ilikuwa 20 mpaka 35. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 wanaweka mpaka wa 2, juu wao hata siku za kawaida wanakufa zaidi, unaona umri unarudi tena.

Kadutu_juu (Bukavu)

Mi nauliza ya kwetu ya mtaani, musinicheke. Hapa mutu akikufa ghafula banasema karuho, amepewa sumu. Akikonda polepole banasema karuho. Akitapika damu karuho. Sasa yule mwenye alikufia ku nyumba, bila munganga (daktari), wewe unaandika nini mu kompyuta?

mtu_wa_ripoti (Bukavu)

Hakuna wa kukucheka, hili ni swali la kazi kabisa. Ukweli mchungu: aliyekufia nyumbani kwenye ripoti yangu haonekani. Mimi napata wa hopitali na santere. Kwa hiyo ukiona "sababu kumi za vifo" kutoka kwenye ripoti za hopitali ujue ni sababu za wale waliopata pesa ya kufika hopitali.

Kwa wa nyumbani kuna njia inaitwa otopsi ya mdomo. Mtu aliyefundishwa anakuja baada ya matanga, wiki kadhaa hivi, anakaa na aliyemtunza marehemu na kumuuliza maswali yaliyopangwa na OMS: homa ilianza lini, alikohoa wiki ngapi, alikonda, mkojo ulikuwaje, tumbo lilijaa, alikuwa na mimba? Haulizi "mnafikiri alirogwa na nani". Familia ikisema karuho anaiandika kwa heshima halafu anaendelea na dalili, na kompyuta ao munganga anasoma dalili na kutoa sababu inayowezekana zaidi. Kukohoa miezi mitatu, jasho la usiku, kukonda, damu kwenye makohozi, mara nyingi hiyo ni kifua kikuu. Kwa mtu mmoja inaweza kukosea, kwa watu elfu inatoa picha ya kutosha kujua pesa iende wapi.

Na wakati mwingine umri peke yake unataja muuaji hata kama karatasi zinamficha. Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1990 familia hazikutaka neno ukimwi kwenye sertifika, zikaandikwa nimonia, kifua kikuu. Baraza lao la utafiti wa tiba likatoa ripoti mwaka 2001: vifo vya wanawake vijana vimepanda sana kwenye umri ambao mtu hapaswi kufa, wazee wamebaki vile vile. Maji machafu hayachagui hivyo, uzee hauchagui hivyo. Wakakadiria kwamba kwa watu wa miaka 15 mpaka 49 waliokufa mwaka 2000, karibu 40 kwa 100 ni ukimwi. Wakubwa wa leta walikasirika lakini umbo la umri lilikuwa pale.

Mwalimu_Katuba (Lubumbashi)

Bakubwa habari. Mimi nafundisha ku sekondari na nilitaka kuonyesha banafunzi vifo vya mama wazazi. Nikakuta EDS ya 2013-2014 inasema 846 kwa watoto 100,000 wanaozaliwa, kiisha Umoja wa Mataifa inasema 547 kwa mwaka 2020. Nikaandika ku tablo "vimeshuka". Mwanafunzi mmoja akauliza kama ni watu wale wale walihesabu. Nikuwe na jibu gani?

mtu_wa_ripoti (Bukavu)

Mwalimu huyo mwanafunzi mumpe pointi zake. Ile 846 inatoka kwa kuuliza watu wazima juu ya dada zao wa tumbo moja: wangapi, nani amekufa, alikuwa na mimba ao alikuwa amezaa karibuni? Inafunika miaka saba kabla ya uchunguzi, si mwaka mmoja. Ile 547 ni makadirio ya modeli, wanakusanya chunguzi zote na vitu vingine wanachora mstari wa miaka. Ukitaka kuona kushuka fuata mstari mmoja, modeli na modeli ya toleo lile lile, ao EDS na EDS, usirukie kutoka huku kwenda kule. Na hata EDS na EDS angalia vizuri: ya 2007 ilisema 549, ya baadaye 846, na sidhani kuna mzalishaji wa Kongo aliyeona hali imeharibika kiasi hicho. Vifo vya mama wazazi kwenye nyumba zilizochunguzwa ni vichache kwa hesabu, kwa hiyo vichache vikizidi ao kupungua namba inaruka.

Waambie pia maana yenyewe: ni mama aliyekufa akiwa na mimba ao ndani ya siku 42 baada ya mimba kwisha, kwa sababu ya mimba ao iliyozidishwa na mimba. Mwenye mimba akigongwa na gari hahesabiwi humo.

Kuna ingine banafunzi wanaweza kuipenda. Kwenye EDS mama anaulizwa kila mtoto aliyemzaa, na kama alikufa, na umri gani. Wengi wanajibu "mwaka moja". Mtoto alikuwa na miezi 11 ao 13 ao 14, mama anakumbuka mwaka. Kwenye tablo unaona vifo vimerundikana kwenye miezi 12 kama mlima. Wale wa miezi 11 wanatoka kwenye "chini ya mwaka" wanaingia kundi lingine, na vifo vya wachanga vinaonekana vichache kuliko ukweli. Njo maana yule anayeuliza anafundishwa kurudia: alikuwa ameanza kutembea? alikuwa na meno mangapi? ilikuwa msimu wa mvua ao kiangazi? Mama analia na wewe unauliza meno. Ni kazi ngumu na naiheshimu sana.

Motari_Birere (Goma)

Kaka bado moja. Wakati ya Ebola tulinawa mikono ku kila kona, barriere, thermometre, dunia yote ilikuja hapa Goma. Banasema surua iliua zaidi. Ni kweli ao ni maneno ya mutaani?

mtu_wa_ripoti (Bukavu)

Ni kweli. Ebola ya Kivu na Ituri, Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ilikuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Surua ya 2019-2020 kwenye nchi nzima iliua zaidi ya 7,000, wengi sana watoto wa chini ya miaka 5.

Lakini usichanganye namba mbili hapa. Kati ya wagonjwa 100 wa Ebola walikufa karibu 66. Kati ya wagonjwa 100 wa surua walikufa karibu 2. Ebola ni kali kwa anayeipata, surua ni ya wengi. Vifo kwa wagonjwa 100 vinakuambia mgonjwa huyu ako na hatari gani, jumla ya vifo inakuambia nchi imepoteza watu wangapi, na mtu anayechagua pesa iende wapi anahitaji zote mbili mezani. Mimi sisemi Ebola ilipewa uzito bure, ingeachwa ingejaza miji. Nasema watu zaidi ya 7,000, wengi watoto, walikufa na ugonjwa ambao chanjo yake iko tangu miaka ya 1960, na kama nchi ingekuwa na hesabu ya vifo ya kila wiki kwa umri, ule mlima wa watoto wa miaka 1 mpaka 4 ungepiga kelele mapema.

Na maralia ndio hiyo ya kila siku. Mwaka 2022 iliua watu karibu 608,000 duniani, 95 kwa 100 Afrika, na Kongo ni ya pili baada ya Nijeria. Kati ya waliokufa Afrika karibu 8 kwa 10 ni wa chini ya miaka 5. Hakuna barriere yake.

Mwalimu_Katuba (Lubumbashi)

Nimechukua yote kwa somo. Ya mwisho yangu: ile orodha ya dunia ya wauaji kumi, moyo wa kwanza, nayo tuiamini?

mtu_wa_ripoti (Bukavu)

Iamini lakini angalia wamekata wapi. Orodha ya OMS ya 2021 inaweka ugonjwa wa mishipa ya moyo wa kwanza, milioni 9.1 kwa vifo vyote milioni 68. Kansa hazionekani pale juu kwa sababu zimegawanywa, mapafu peke yake, matiti peke yake. Zikusanye zote zinakuwa karibu milioni 10 na zinapita moyo. Sasa na moyo nao ukusanye na stroko (kiharusi) na mishipa yote, unafika kama milioni 19 na moyo unarudi mbele. Hakuna aliyedanganya. Kiisha chukua nchi maskini peke yake, wa kwanza ni maambukizi ya mapafu. Waambie banafunzi kila mara waangalie kichwa cha tablo: nchi gani, mwaka gani, umri gani, kansa zimekusanywa ao zimegawanywa.

Na utapiamlo usiutafute juu ya orodha. OMS inasema unahusika karibu na nusu ya vifo vya chini ya miaka 5, lakini kwenye sertifika kinaandikwa kuhara.

Kadutu_juu (Bukavu)

Yaya, baba mudogo alikufia ku nyumba juma iliyopita, alikuwaka na presha na alipooza upande kabla. Familia inasema makaratasi ya nini tena tumeshazika. Inafaa tufanye nini?

mtu_wa_ripoti (Bukavu)

Pole sana na msiba ndugu. Mufanye, tena mapema. Kama kuna munganga ao santere iliyokuwa inamfuata na presha, rudini pale na kitabu chake cha wagonjwa, muombe awajazie sertifika ya kifo, na mumwambie waziwazi kwamba alipooza upande na alikuwa na presha miaka mingi, ili asiandike moyo kusimama. Aandike stroko, chini yake presha. Kiisha mwende na hiyo karatasi kwenye biro ya eta sivili (wanaoandika vizazi na vifo) ya komine yenu, mtu wa familia na shahidi, mutapewa akte ya kifo. Mjane ataihitaji kwa shamba na nyumba, na watoto kwa makaratasi ya shule. Mubebe kadi yake ya uchaguzi juu tarehe ya kuzaliwa iko pale, musiseme tu "alikuwa mzee".